Georg Simon Ohm

Georg Simon Ohm (Erlangen, 16 Machi 1789 – München, 6 Julai 1854) alikuwa mwanafizikia na mwanahisabati kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kanuni ya Ohm, inayoeleza uhusiano kati ya volteji, mkondo wa umeme na ukinzani katika saketi. Kipimo cha ukinzani, ohm (alama yake ni Ω), kimepewa jina lake. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mwalimu wa shule, na vipimo vilivyompatia sifa alivifanya alipokuwa akifundisha sekondari mjini Köln.

Familia na utoto

Ohm alizaliwa Erlangen, mji ulioko leo katika jimbo la Bavaria. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake, Maria Elisabeth Beck, alikuwa binti wa fundi cherehani. Kati ya watoto saba wa familia hiyo, watatu tu walifikia utu uzima. Mama alifariki Georg akiwa na umri wa miaka 10.

Baba hakuwa na elimu ya juu, lakini alijisomea mwenyewe hisabati na sayansi, kisha akawafundisha wanawe nyumbani. Mdogo wake Georg, Martin Ohm, baadaye alikuwa profesa wa hisabati mjini Berlin. Kutoka kwa baba yake Georg alipata pia ustadi wa mikono, uliomwezesha baadaye kujiundia vyombo vya majaribio.

Masomo

Mwaka 1805 alijiunga na Chuo Kikuu cha Erlangen, lakini alitumia muda mwingi katika dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. Baba yake, aliyeona mwanawe anapoteza nafasi ambayo yeye mwenyewe hakuipata, alimwondoa chuoni baada ya mihula mitatu na kumpeleka Uswisi. Huko, tangu Septemba 1806, Ohm alifundisha hisabati katika shule ya Gottstadt. Mwaka 1809 alihamia Neuchâtel akafundisha wanafunzi binafsi, huku akijisomea vitabu vya wanahisabati wakubwa kama Euler na Laplace. Alirudi Erlangen mwaka 1811 na kupata shahada ya udaktari tarehe 25 Oktoba ya mwaka huohuo.

Ualimu

Alianza kufundisha hisabati katika chuo kikuu hichohicho, lakini malipo yalikuwa madogo mno. Baada ya mihula mitatu aliacha. Mwaka 1813 alipata kazi katika shule moja duni mjini Bamberg, nayo ikafungwa mwaka 1816. Katika kipindi hicho aliandika kitabu cha jiometri kwa ajili ya wanaoanza. Alipeleka nakala kwa mfalme wa Prussia, na Septemba 1817 akapewa nafasi ya kufundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Köln iliyowahi kuwa ya Wajesuiti. Shule hiyo ilikuwa na maabara nzuri, na Ohm aliitumia kwa utafiti wake mwenyewe baada ya vipindi.

Majaribio ya mwaka 1825 na 1826

Wakati huo elimu ya umeme wa mkondo ilikuwa changa. Betri ya kwanza ilikuwa imebuniwa na Alessandro Volta na kutangazwa mwaka 1800. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted alikuwa ameonyesha kwamba mkondo wa umeme husukuma sindano ya dira. Ilijulikana kwamba waya mrefu hupunguza mkondo, lakini haikujulikana unaupunguza kwa kiasi gani.

Ohm alitundika sindano ya sumaku kwa uzi juu ya waya. Mkondo ulipopita sindano iligeuka, naye aliusokota uzi mpaka sindano irudi mahali pake. Kiasi cha msokoto kilimpa ukubwa wa mkondo. Tatizo lilikuwa betri: nguvu yake ilishuka wakati vipimo vikiendelea, na matokeo yakayumba. Kanuni aliyoitoa katika makala yake ya kwanza ya mwaka 1825 haikuwa sahihi.

Johann Christian Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alimshauri kuacha betri na kutumia umeme unaotokana na joto, uliokuwa umegunduliwa na Thomas Seebeck. Ohm aliunganisha bismuthi na shaba. Kiungo kimoja alikiweka kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu inayoyeyuka. Kwa kuwa halijoto hizo mbili hazibadiliki, chanzo chake cha umeme kilitulia. Kisha alipima nyaya nane za shaba zenye unene uleule na urefu tofauti, mmoja baada ya mwingine, na kurudia vipimo kwa siku kadhaa.

Matokeo aliyochapisha mwaka 1826 yalionyesha kwamba mkondo ni sawa na nguvu ya chanzo ikigawanywa kwa jumla ya ukinzani wa waya na ukinzani wa sehemu nyingine za saketi, chanzo chenyewe kikiwamo.

Kitabu na miaka ya shida

Ohm alipewa likizo ya mwaka mmoja kwa nusu mshahara, akaenda Berlin alikokaa ndugu yake. Mwaka 1827 alitoa kitabu chake juu ya saketi ya umeme kwa njia ya hisabati, akitumaini kwamba kingemfungulia mlango wa chuo kikuu. Haikuwa hivyo. Wanafizikia wengi wa Ujerumani hawakuzoea kueleza umeme kwa hesabu, na baadhi yao, kama Georg Friedrich Pohl, walikipinga waziwazi. Wengine walikipuuza tu.

Mwaka 1828 Ohm alijiuzulu kazi yake ya Köln. Alikuwa na umri wa miaka 39, hakuwa na mke wala cheo, na alibaki Berlin akifundisha saa chache za hisabati kwa wiki katika shule ya kijeshi. Mwaka 1833 alipata uprofesa katika shule ya ufundi ya Nürnberg.

Kutambuliwa

Sifa ilimfikia kutoka nje ya nchi yake. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku Nishani ya Copley, na mwaka uliofuata ikampokea kuwa mwanachama wa nje. Mwaka 1849 aliitwa München kutunza vyombo vya fizikia vya Chuo cha Sayansi cha Bavaria na kutoa mihadhara chuo kikuu. Uprofesa kamili wa fizikia ya majaribio aliupata mwaka 1852, miaka 25 baada ya kitabu chake, na miaka miwili kabla ya kifo chake.

Kanuni ya Ohm na kazi ya rezista

Kanuni huandikwa V = I × R. Hapa V ni volteji (kwa volti), I ni mkondo (kwa ampea) na R ni ukinzani (kwa ohm). Ukinzani wa ohm 1 huruhusu mkondo wa ampea 1 kupita pale volteji inapokuwa volti 1. Volteji ikiongezwa maradufu, mkondo huongezeka maradufu. Ukinzani ukiongezwa maradufu, mkondo hupungua kwa nusu. Waya mrefu una ukinzani mkubwa kuliko mfupi, na waya mwembamba kuliko mnene.

Rezista ni kifaa kidogo cha elektroniki kilichotengenezwa kuwa na ukinzani maalumu. Kazi yake ni kupunguza mkondo ili vifaa vingine visiungue. Nishati inayozuiwa hugeuka kuwa joto. Thamani yake huonyeshwa kwa mistari ya rangi.

Mfano ni taa za wavuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria, wanaovuta samaki kwa mwanga usiku wa giza. Zamani walitumia karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za LED zenye betri. Fundi wa Butimba au kwingineko Mwanza akiunganisha LED tatu nyeupe kwa mfululizo, zinahitaji takriban volti 9 na ampea 0.02. Betri ni ya volti 12, hivyo volti 3 zinabaki. Kwa kanuni ya Ohm, 3 ÷ 0.02 = 150, yaani anahitaji rezista ya ohm 150 (kahawia, kijani, kahawia). Lakini betri inapochajiwa hufikia takriban volti 14. Volti zinazobaki huwa 5, na mkondo hupanda hadi ampea 0.033, hivyo LED huharibika mapema. Kama taa itawashwa wakati betri inachajiwa, rezista ya ohm 270 (nyekundu, zambarau, kahawia) ni salama zaidi, ingawa mwanga hupungua betri inapokuwa na volti 12.

Kanuni hii ina mipaka. Inafaa kwa metali na rezista za kawaida zisipobadilika halijoto. Dayodi, LED zenyewe na transista haziifuati. Ndiyo maana katika mfano huu hesabu inafanywa kwa rezista, si kwa LED.

Urithi

Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris ulikubali ohm kuwa kipimo cha ukinzani. Miaka miwili kabla yake ilibainika kwamba Mwingereza Henry Cavendish alikuwa ameona uhusiano huo tangu mwaka 1781, lakini hakuuchapisha; maandishi yake yalitolewa na James Clerk Maxwell mwaka 1879. Chuo cha ufundi cha Nürnberg leo kina jina la Ohm.

Katika shule za sekondari za Tanzania kanuni ya Ohm ni sehemu ya somo la fizikia. Wanafunzi hupima volteji na mkondo, huchora grafu na kupata mstari ulionyooka. Kosa linalojitokeza mara nyingi katika jaribio hilo ni lilelile lililomsumbua Ohm mwaka 1825: betri iliyochoka, ambayo nguvu yake hushuka kabla vipimo havijaisha.