Bayume Mohamed Husen: askari wa Dar es Salaam aliyekwenda Berlin kudai mshahara

Msikilizaji wetu, katika kijiji chako huenda umewahi kumwona mzee aliyepigana vita, koti lake la zamani likitoka sandukuni siku ya sherehe. Huyu tunayemweleza leo alikuwa mzee wa namna hiyo tangu akiwa kijana.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa Msudani, askari wa Mjerumani mwenye cheo cha efendi. (Efendi ni neno la Kituruki, na afande wetu ametokea huko.) Familia za askari hao ziliishi pamoja, na jeshi liliposafiri, wake na watoto waliandamana nalo. Mtoto aliyekulia hapo aliona uaskari ni urithi.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, baba na mwana waliingia jeshini pamoja. Mwana alikuwa na miaka 10, akafundishwa kupeleka ishara za mawasiliano. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, huko Lindi, moja ya vita vikali kuliko vyote vilivyopiganwa nchini mwetu, kisha Waingereza wakamteka.

Vita iliisha mwaka 1918, Mjerumani akaondoka na deni. Maelfu ya askari walikuwa wamepigana miezi mingi bila malipo. Husen alipata kazi ya utumishi melini, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani, akaenda hadi Berlin katika Wizara ya Mambo ya Nje. Alitaka mshahara wake na wa baba yake. Akaambiwa amechelewa, malipo ya askari yalikwisha kufungwa.

Hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya uhudumu katika jumba kubwa la starehe, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu, nyingi zikiwa sehemu ndogo za mtumishi au askari. Januari 1933 alimwoa Mjerumani, Maria Schwandner, siku chache kabla ya Hitler kushika madaraka. Mtoto wao wa kiume walimpa jina lenye Adam ndani yake, jina la babu.

Wakati huo wazungu waliotaka makoloni yarudi walikuwa wakifanya mikutano na gwaride za ukumbusho. Husen alihudhuria akiwa na sare ya askari. Picha zipo. Mwaka 1934 serikali ilianzisha nishani kwa wote waliopigana Vita Kuu, naye akaomba yake. Akanyimwa. Alijinunulia nishani dukani, akaivaa kifuani.

Wengine watamcheka kwa hilo. Mimi simcheki. Jeraha la Mahiwa lilikuwa mwilini mwake, halikununuliwa dukani. Lakini pia siwezi kuficha kwamba jeshi aliloliheshimu hivyo ndilo lililozima Maji Maji kwa kuchoma vyakula na kuacha watu wafe njaa. Sare ile ilikuwa na mambo hayo yote mawili.

Heshima aliyoitafuta ilizidi kupungua. Mwaka 1935 alipoteza kazi ya uhudumu. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 alijitolea kwenda jeshini tena, akakataliwa.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa katika filamu ya mwaka 1941 ya kumsifu Carl Peters, yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Husen aliigiza kiongozi wa njia wa Peters. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, polisi wa siri walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, akakaa humo miaka mitatu. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40.

Mwaka 2007 jiwe dogo lenye bamba la shaba liliwekwa katika njia ya waendao kwa miguu mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, mbele ya nyumba namba 193 alikoishi. Lina jina lake. Mshahara wa Adam Mohamed na mwanawe haukulipwa.