Fundi wa Thika Aliyefika Ikulu: Mzee Jomo Alituachia Nini?

Panda mathree hapa Kiganjo asubuhi ukienda Nairobi. Kabla ufike, utakuwa umepitana na Mzee Jomo Kenyatta mara kadhaa. Juja kuna JKUAT. Ukipita Ruiru, mbele kidogo kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ukishuka tao unavuka Kenyatta Avenue. Na noti uliyompa makanga iko na sanamu yake, ile ya pale KICC. Mzee aliaga 1978 na bado hajatoka kwa mifuko yetu.

Lakini uliza wasee wa mtaa kama alikuwa rais mzuri, uone venye base itagawanyika. Mmoja atasema bila yeye hakuna Kenya. Mwingine atauliza mashamba yalienda wapi. Wote wako na pointi. Kuelewa kwa nini, lazima turudi nyuma kidogo, na story yenyewe inapitia hapa hapa Thika.

Kabla awe Mzee

Alizaliwa Gatundu miaka ya 1890, akaitwa Kamau wa Ngengi. Tarehe kamili hata yeye hakuwa anaijua. Wazazi walimwacha akiwa mdogo. Mwaka 1909 akaingia misheni ya Waskoti pale Thogoto, akasoma na kujifunza useremala. 1914 akabatizwa Johnstone.

Kutoka hapo ni hustle tupu. Moja ya job zake za kwanza ilikuwa Thika, kwa injinia mzungu anaitwa John Cook. Alikuwa anatumwa benki Nairobi kuleta mishahara ya wafanyakazi. Hebu fikiria kijana mdogo amebeba doo ya kampuni nzima, na yake ni kidogo tu. Akagonjeka, akaacha kazi.

Vita vya kwanza vya dunia vikaja, serikali ikaanza kushika vijana wabebee jeshi mizigo. Kamau akahepa hadi Narok kwa Wamaasai. Baadaye, 1922, Cook alikuwa anasimamia maji ya Nairobi, akampa kazi ya kusoma mita. Mshahara ulikuwa shilingi 250 kwa mwezi, na kwa Mwafrika wa wakati huo hiyo ilikuwa kuomoka. Alikuwa na luku pia: alipenda kuvaa mshipi wa shanga ulioitwa kinyata, na ndio tunaambiwa ulimpa jina.

Angeweza kutulia hapo. Lakini watu wa kwao walikuwa wanalia mashamba. Wazungu walikuwa wamechukua ardhi nzuri, na wenyewe wakabaki kibarua juu ya udongo wa babu zao. Chama cha KCA kikamtaka, akawa mhariri wa gazeti la Muigwithania mwaka 1928. Mwaka uliofuata akatumwa London kupeleka kilio cha ardhi. Alirudi nyumbani, akaenda tena 1931, na hiyo mara ya pili akakaa miaka 15. Alisoma huko, na 1938 akatoa kitabu, Facing Mount Kenya.

Alirudi 1946, na 1947 akawa rais wa KAU. Usiku wa Oktoba 20, 1952 akashikwa. Kesi ikapelekwa mbali, Kapenguria, na wenzake 5. Walisema yeye ndiye mkuu wa Mau Mau, akapigwa miaka 7 ya kazi ngumu. Shahidi mkubwa wa serikali alikuja kukubali alidanganya. Mzee alirudi Gatundu Agosti 1961, na Desemba 1963 tukapata uhuru yeye akiwa Waziri Mkuu. 1964 akawa rais wa kwanza.

Pale alichapa kazi

Enyewe tumpe zake. Kabla ya uhuru wengi waliogopa nchi itawaka moto. Agosti 1963 alienda Nakuru akawaambia masetla yaishe, wakae walime. Damu haikumwagika vile walihofia. Roho ya Harambee ilifanya wazazi wachange, na shule zikaota kila kona. 1974 karo ya darasa la 1 hadi la 4 ikaondolewa. Hata JKUAT imekaa kwa ardhi aliyoitoa mwenyewe, hekta 200. Wangapi wetu tuna ndugu aliyepitia hapo?

Pale kunauma

Sasa ile ngori. Mtu aliyeenda London kudai ardhi, akishika kiti, ardhi iliuzwa. Serikali ilikopa doo Uingereza kununua mashamba ya wazungu, na mkulima aliyepewa kipande akabaki na deni la kulipa. Asiye na pesa alibaki nje, hata kama alikuwa ametoka msituni kupigania hiyo hiyo ardhi. Mwaka 2013 tume ya TJRC ilisema mashamba mengi yaliishia kwa wakubwa, familia yake ikiwemo.

Na waliouliza maswali? Pio Gama Pinto aliuawa 1965, Tom Mboya 1969. Mwaka huo huo wa 1969, Mzee alipoenda Kisumu, walinzi walipiga risasi umati, watu wakafa, watoto wakiwemo. Jaramogi akawekwa kizuizini na chama chake cha KPU kikapigwa marufuku. 1975, JM Kariuki, aliyewahi kuwa katibu binafsi wa Mzee na aliyetetea maskini wasio na shamba, akapatikana ameuawa Ngong. Ndio maana jina Jomo likitajwa Gatundu watu wanasimama, na likitajwa Kisumu wazee wananyamaza.

Mimi namwona hivi: alitupa nchi, lakini swali lililomtoa kwa kusoma mita hakulijibu. Toka Kiganjo kidogo tu uone. Kuna mtaa hapa Thika unaitwa Landless, na mananasi ya Del Monte yamejaa mpaka macho yachoke. Sisi tunasaka ploti ya 40 kwa 60, na ukiipata unalala ukiwaza kama hati ni ya ukweli.

Wikendi hii ukienda ocha, kaa chini na guka au shosho. Uliza kama walipata shamba wakati wa uhuru, na walililipiaje. Hapo ndio utajua kwenu Mzee anapendwa ama la.