Sheikh Al-Amin na tarikhi ya wazee wake

Jina la Mazrui likitajwa mjini Mombasa, mambo mawili huja akilini mara moja: utawala uliokwisha kupita na elimu ya dini. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdalla bin Nafi Mazrui alirithi yote mawili, ingawa utawala ulimfikia kama habari tu.

Alizaliwa Mombasa mwezi wa Januari 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyesoma Makka, na kwa ajili ya mijadala yake ya madhehebu alitiwa kifungoni Unguja na Seyyid Barghash. Alifunguliwa Barghash alipokufa mwaka 1888, akarudi kwao, akafariki mwaka 1894. Al-Amin alikuwa mtoto wa miaka mitatu tu. Basi huyu hakumjua baba yake ila kwa kuhadithiwa, na pengine hapo ndipo hamu yake ya kuwajua waliotangulia ilipoanzia.

Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu. Kisha akavuka kwenda Unguja kwa masheikh wawili ambao kila mwanafunzi wa pwani alitamani kuketi mbele yao: Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Mbali na vitabu vya fiq'hi, alisoma pia jarida la Al-Manar la Rashid Ridha lililotoka Misri, na fikra za Sheikh Muhammad Abduh zikamwingia sana.

Mwaka 1930 alitoa gazeti lake la Kiswahili, Sahifa, na mwaka 1932 likafuata Al-Islah, la Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwakemea watu wa mji wake bila ya kuwaonea haya. Aliwalaumu kwa israfu za maharusi na matanga, kwa kuiga mapambo ya Wazungu na kuiacha elimu yao, na kwa kuwanyima watoto wa kike masomo. Wako waliochukizwa. Makala hayo yalikusanywa katika kitabu Uwongozi mwaka 1944. Ukadhi wa Mombasa aliushika mwaka 1932, na kuanzia 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Lakini kazi ninayotaka kuieleza hasa ni ile aliyoiandika kwa Kiarabu: tarikhi ya ukoo wake. Kazi hiyo si nyepesi. Wazee wetu wengi waliandika nasaba na siku za uzazi katika majalada ya misahafu, na jalada likiliwa na mchwa, babu naye hupotea. Anayeandika habari za ukoo wake mwenyewe ana mtihani mwengine zaidi, nao ni kusema ukweli juu ya jamaa zake.

Tarikhi hiyo ina mengi yasiyopendeza kuyasema. Mazrui walitoka Omani wakawa maliwali wa Mombasa. Mabusaidi waliposhika Omani, Liwali Muhammad bin Uthman alikataa kuwatii, akauawa mwaka 1746. Nduguye Ali akaitwaa Ngome. Baada ya hapo walitawala kwa amri yao wenyewe, wakafika hadi Pemba. Mwaka 1824 walipandisha bendera ya Kiingereza ili Seyyid Said asiwaguse, na Mwingereza James Emery alipokaa Mombasa akaandika daftari ya kila siku, ambayo hata leo imehifadhiwa London. Himaya hiyo ilivunjwa mwaka 1826. Liwali Salim bin Ahmad alipokufa mwaka 1835, ndugu wakavutana juu ya kiti, na mvutano huo ukamfungulia Seyyid Said mlango. Mwaka 1837 wakubwa wao kiasi cha 25 wakakamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas, wasirudi tena. Waliosalia walitawanyika, wengine Gazi, wengine Takaungu.

Fikiri, msomaji: mwandishi wa habari hizo alikuwa Kadhi Mkuu, na juu ya Ngome ya Mombasa ilipepea bendera ya Sultani wa Unguja, kizazi cha yule Seyyid Said. Kuzungumza habari hizo barazani ni jambo moja, kuziandika kwa mkono wa Kadhi ni jingine. Alizikusanya kwa utulivu wa mtu anayesikiliza ushahidi, na mimi naona kuwa ukadhi wake ulimfaa hapo kuliko ushairi wowote.

Mwenyezi Mungu alimchukua Aprili 1947, kitabu kikiwa bado ni mswada. Kilipigwa chapa mwaka 1995, miaka 48 baadaye, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya J. M. Ritchie. Leo mtu wa Gazi au Takaungu anayemtafuta babu wa babu yake anaweza kuanzia hapo, kisha akaenda kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa Nairobi, yaliko majalada mengi ya serikali ya kikoloni yanayohusu pwani.

Alipofariki, mwanawe Ali alikuwa na miaka 14. Huyo ndiye Profesa Ali Mazrui aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa kalamu yake. Alifia Marekani Oktoba 2014, na kwa wasia wake akaletwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Mazrui, hatua chache tu kutoka Ngome.