Johann Maelzel na Chombo cha Kuhesabu Mapigo

Kila kwaya ina ugonjwa wake, na wetu tunaujua sote. Tunaanza wimbo kwa mwendo mzuri, lakini tukifika ubeti wa tatu tunakimbia kama watu wanaowahi matatu ya mwisho. Siku mwalimu wetu alipoweka simu yake juu ya kibodi, ikaanza kulia ti, ti, ti, wengi wetu tulisema simu ile imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ni sisi tuliokuwa mbele yake kwa mapigo mawili.

Kwa hiyo katika yubile hii tumeona vyema tuwasimulie maisha ya mtu ambaye jina lake liko kwenye vitabu vingi vya nota, nasi hulipita bila kuliona. Ukikuta juu ya wimbo herufi M.M. na namba mbele yake, M ya kwanza ni yake: Maelzel. Ya pili ni metronomu.

Johann Nepomuk Maelzel alizaliwa tarehe 15 Agosti 1772 katika mji wa Regensburg, Ujerumani. Babake alikuwa fundi wa ogani, kwa hiyo kijana alikua kati ya mabomba, mivukuto na sauti. Mwaka wa 1792 alihamia Vienna, Austria, mji uliojaa wanamuziki. Huko alifundisha muziki, lakini mikono yake ilipenda zaidi mashine. Aliunda chombo kikubwa alichokiita Panharmonicon, ambacho kilipiga tarumbeta, filimbi na ngoma chenyewe, kama bendi nzima isiyo na watu. Mwaka wa 1808 akawa fundi mitambo wa jumba la mfalme.

Rafiki yake mmoja alikuwa Ludwig van Beethoven, ambaye masikio yake yalikuwa yakizidi kuziba. Maelzel alimtengenezea vyombo vya kusikilizia vyenye umbo la pembe. Mwaka wa 1813 Beethoven alitunga muziki wa kusherehekea ushindi wa vita, wazo likiwa la Maelzel, na tarehe 8 Desemba mwaka huo ulipigwa Vienna katika tamasha la kuwachangia askari waliojeruhiwa. Watu walifurahi mno. Kisha marafiki wakagombana: muziki ule ni wa nani, wa aliyetoa wazo au wa aliyeandika nota? Walifikishana mahakamani, na hawakupatana hadi 1817.

Wakati huo wanamuziki walikuwa na shida nyingine. Mwendo wa wimbo uliandikwa kwa maneno ya Kiitaliano, kama vile allegro au andante. Lakini haraka ya mtu mmoja ni polepole ya mwingine. Timazi, yaani uzito ulioning'inizwa kwenye uzi, ungeweza kusaidia, ila kuna tatizo: ili upige mara 60 kwa dakika unahitaji uzi wa karibu mita moja, na ukitaka mapigo 40 unahitaji zaidi ya mita mbili. Nani atabeba kitu hicho kwenda mazoezini?

Aliyepata jawabu ni Dietrich Nikolaus Winkel, fundi Mjerumani aliyeishi Amsterdam. Mwaka wa 1814 aligundua kwamba ukiweka uzito pande zote mbili za mhimili, mmoja juu na mwingine chini, ufito mfupi tu unaweza kuyumba polepole sana. Ukisogeza uzito wa juu mbali na mhimili, mwendo unapungua. Ukiushusha, mwendo unaongezeka.

Maelzel alifika Amsterdam mwaka wa 1815 akakiona chombo hicho. Aliomba kukinunua, Winkel akakataa. Basi Maelzel akaongeza kipimo chenye namba za mapigo kwa dakika, akasajili chombo kwa jina lake Paris na London, na mwaka wa 1816 akafungua kiwanda Paris. Mwaka wa 1817 Beethoven alichapisha namba za metronomu za simfoni zake nane, na baada ya hapo wengine wakafuata. Winkel alilalamika, na wasomi wa Uholanzi waliamua kwamba haki ni yake. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuenea.

Maelzel alikwenda Marekani mwaka wa 1826 akionyesha mashine zake, pamoja na sanamu maarufu iliyocheza sataranji, ambayo kwa siri ilificha mtu ndani. Alifariki tarehe 21 Julai 1838 ndani ya meli akirudi kutoka Cuba, akazikwa baharini.

Metronomu nyingi za leo hazina ufito. Ndani ya simu na kibodi mna saketi ya kuhesabu. Tuchukue mfano wa saa ya mkononi: kipande kidogo cha jiwe la kwatsi hutikisika mara 32,768 kwa sekunde, na saketi huhesabu mitikisiko hiyo. Tukitaka mapigo 60 kwa dakika, inahesabu yote 32,768 kisha inalia mara moja na kuanza upya. Tukitaka mapigo 120, inahesabu nusu yake, yaani 16,384. Tukitaka 80, inahesabu 24,576. Umbo ni jipya, lakini kazi ni ileile ya Winkel, na namba ni zilezile za kipimo cha Maelzel.

Tunasimulia haya kwa sababu. Tulipokuwa tukiandaa kijitabu hiki, tulibishana jioni nzima kuhusu wimbo uliotupa ushindi wetu wa kwanza. Kwa miaka mingi umeandikwa jina moja chini yake. Wazee wa kwaya wakatukumbusha kwamba kiitikio kililetwa na mzee wa sauti ya besi ambaye sasa ametangulia, na kwamba aliyekiandika kwa solfa na kukigawa sauti nne ni mwingine. Kila mmoja alifanya kazi ya kweli. Bila kipimo, chombo cha Winkel kingebaki Amsterdam, na bila Winkel, Maelzel hangekuwa na cha kupima.

Ndiyo maana katika ukurasa wa nyimbo mtakuta majina mawili mahali palipokuwa na moja. Kama kuna mwingine tuliyemsahau, mwambieni katibu kabla kijitabu hakijachapishwa tena. Na leo tukisimama kuimba, tafadhali, ubeti wa tatu tusikimbie.