Elisabeth wa Thuringia, Mama na Mwuguzi

Elisabeth, binti wa mfalme wa Hungaria, alizaliwa mwaka 1207. Alipokuwa na umri wa miaka 4 alipelekwa Thuringia, katika Ujerumani, na mwaka 1221 akaolewa na Ludwig, mtawala wa nchi ile.

Njaa ilipoingia mwaka 1226, naye Ludwig yu mbali, Elisabeth akafungua ghala, akawagawia maskini nafaka. Tena chini ya ngome ya Wartburg akaweka nyumba ya wagonjwa, akawauguza kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka 1227 Ludwig akafa safarini, na mtoto wao wa tatu alikuwa hajazaliwa bado. Baadaye mjane huyu akajenga hospitali mjini Marburg, akawaosha wenye vidonda na kuwalisha. Lakini watoto wake aliwatoa walelewe na wengine. Tusidhani ya kuwa jambo hilo lilikuwa jepesi kwa mama. Akafa mwaka 1231, mwenye miaka 24 tu.

Katika ngome ile ile Martin Luther alilifasiri Agano Jipya, mwaka 1521 hata 1522. Basi, ndugu, tulisomapo, tumkumbuke mama aliyelitenda pale miaka karibu 300 kabla yake.