Mzee Chilson, Mtu wa Kuvuka Mipaka

Ukitoka hapa Buja kwenda Gitega utapita Kibimba. Ukifika hapo, mkumbuke mzee Arthur Chilson, Mmarekani wa Iowa.

Mwaka 1902, yeye na wenzake wawili wa Kanisa la Marafiki walifungua misheni ya Kaimosi, Kenya. Mwaka 1927 akahubiri pale habari za Roho Mtakatifu, na moto ukawaka kweli kweli: watu wakaungama dhambi mbele ya wote, wakaomba kwa sauti. Lakini wakubwa wa kanisa wakaogopa, wakakataza. Waliokataa kunyamaza wakatolewa, wakaanzisha makanisa yao.

Na Chilson je? Hakustaafu. Mwaka 1934, umri umepita miaka 60, akafika Kibimba pamoja na mkewe Edna na binti yao. Hiyo ilikuwa misheni ya Wajerumani, waliyoiacha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hapo ndipo Kanisa la Marafiki la Burundi lilipoanzia. Mzee akafariki mwaka 1939, kazi bado changa.

Ndugu yangu, Mungu hana shamba lililokufa. Jembe lililoachwa na mwenzako, wewe utaliokota?