Philip Hench, mzee aliye nyuma ya sindano ya goti la shosho

Kama uko na shosho Othaya, Karatina au Mukurwe-ini, hii stori unaijua. Miaka mingi ya kupanda na kushuka miteremko na kikapu cha majani chai mgongoni, sasa goti limekataa kukunjika. Anapelekwa Nyeri mjini, anadungwa sindano gotini, na baada ya siku chache anatembea hadi kanisani bila bakora. Kijiji kizima kinaamini amepona. Miezi mitatu baadaye simu inalia: maumivu yamerudi, tuma pesa ya sindano nyingine.

Kabla hujatuma, hebu mjue Philip Hench. Hakuwa mtu wa huku kwetu, lakini dawa inayowekwa mara nyingi kwenye hiyo sindano ni ya ukoo wa ile iliyompa jina.

Hench alizaliwa Februari 28, 1896, mjini Pittsburgh, Marekani. Alizaliwa na kaakaa lililopasuka, na maisha yake yote ilibidi watu watege sikio ndio wamwelewe akiongea. Hilo halikumzuia. Alimaliza masomo ya udaktari 1920, akaenda hospitali ya Mayo katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, na 1926 akawa mkuu wa idara ya magonjwa ya viungo. Si idara ya kuringa nayo, bana. Ugonjwa wa baridi yabisi, ule ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyake wenyewe, haukuwa na dawa ya maana. Wagonjwa walipewa aspirini, wakaambiwa wapumzike, vidole vikaendelea kupinda.

Halafu, 1929, mgonjwa mmoja wa miaka 65 akamwambia jambo la ajabu. Alikuwa ameugua ini hadi macho na ngozi vikawa manjano, na tangu hapo maumivu ya viungo yalikuwa yamepungua, na nafuu hiyo ilidumu miezi kadhaa. Daktari mwingine angesema ni bahati tu. Hench aliandika, akaanza kutafuta wengine kama huyo. Akagundua pia kwamba wanawake wengi wenye baridi yabisi hupata nafuu wakiwa wajawazito, kisha maumivu hurudi wakishajifungua. Akajiambia: kuna kitu mwili wenyewe unatengeneza. Akakisaka karibu miaka 20.

Hapo Mayo kulikuwa na mwanakemia, Edward Kendall, aliyekuwa akichambua homoni za tezi zinazokaa juu ya figo. Mojawapo aliiita Kiunganishi E. Mwaka 1941 wawili hao walikubaliana kuijaribu kwa wagonjwa, lakini haikuwepo ya kutosha. Ilibidi kungoja hadi kampuni ya Merck iweze kuitengeneza kutoka kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua nyingi na kwa gharama si mchezo.

Septemba 21, 1948, mwanamke wa miaka 29 ambaye hata kugeuka kitandani kulimshinda alidungwa sindano ya kwanza. Angalia vizuri: alidungwa kwenye msuli, si kwenye goti. Siku chache tu akaanza kutembea. Wiki moja hivi baadaye akatoka hospitali akaenda mjini kununua vitu kwa saa tatu. Dawa ikaitwa kotisoni, na 1950 Hench, Kendall na Mswisi Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel.

Watu wengi huacha stori hapo. Lakini dawa ilipokatwa, maumivu yalirudi. Walioendelea nayo kwa dozi kubwa walivimba uso ukawa duara kama mwezi, na wengine akili ikavurugika. Hench hakuficha haya. Tangu mwanzo alisisitiza kwamba kotisoni inatuliza ugonjwa, haiuondoi. Dunia ilisikia ile sehemu ya muujiza peke yake.

Mwaka 1951, Joseph Hollander wa Philadelphia alieleza njia ya kudunga dawa ya familia hiyo moja kwa moja ndani ya kiungo, ili mwili wote usibebe mzigo. Hiyo ndiyo sindano ya goti na bega ya leo. Na Afrika Mashariki tuliingia pia: kwa kuwa nyongo ilikuwa ghali, Waingereza wa kampuni ya Glaxo walitengeneza kotisoni kutoka kwa majimaji ya mkonge wa huku. Ndiyo, mmea uleule unaotoa nyuzi za kiondo.

Hench alifariki Machi 30, 1965, akiwa likizoni Jamaika. Alikuwa na miaka 69. Onyo lake bado lina kazi.

Goti la shosho mara nyingi si baridi yabisi. Ni gegedu, ule utando laini wa mwisho wa mifupa, limelika. Sindano inapunguza uvimbe na maumivu kwa wiki au miezi, lakini gegedu hairudishi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 ulifuata watu 140 wenye magoti hayo. Waliodungwa kila wiki 12 kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliodungwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua zaidi.

Sisemi shosho asidungwe. Nafuu ya wiki chache ni dhahabu kama ataitumia kufanya mazoezi ya misuli ya paja, kupunguza uzito kama umezidi, na kupumzisha kile kikapu. Bega lililoganda nalo linaweza kupata nafuu hivyo hivyo, sindano ikienda pamoja na mazoezi.

Kwa hivyo nenda naye kliniki, usitume M-Pesa tu. Uliza ni dawa gani iko ndani, na hii ni ya ngapi mwaka huu. Madaktari wengi hawapendi kuzidisha tatu au nne kwa kiungo kimoja. Kama ana kisukari, sema mapema, kwa sababu sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Na goti likiwa jekundu, moto, na homa juu baada ya sindano, usingoje kesho. Mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.